Chungu cha Bibi Candiru

Siku ile Sephora aliamka na furaha ya mtu anayekwenda harusini, kumbe alikuwa anakwenda msibani. Alioga, akafunga kitenge chake cha manjano ambacho hakuwahi kukivaa kazini, akabeba kikapu chake na kuteremka kwenda kwenye ukumbi wa vyakula kabla jua halijapanda. Mama wa mpenzi wake Acidri alikuwa anakuja kutoka Koboko. Alikuwa anakuja kula.

Ukumbi ule hapo zamani ulikuwa ghala la tumbaku, chini ya kilima cha Arua Hill. Mwenye ghala alipochoka kulipangisha kwa panya, alipaka kuta chokaa, akagawa sakafu vibanda, akaweka meza ndefu katikati, na tangu hapo nusu ya mji ikawa inakula chini ya bati moja. Ukiingia kwa mlango mkubwa, kitu cha kwanza kukupokea ni moshi wa Acidri, aliyekuwa akichoma nyama ya mbuzi tangu asubuhi. Mkono wa kushoto utamkuta Mama Bushira, Mnubi mnene mwenye maneno mengi, akimimina unga mwepesi kwenye kikaango na kutoa gurusa nyembamba kama leso. Mbele yake kuna Waacholi na mboga yao ya malakwang, kisha bwana wa Mbarara na matoke yake, kisha wauza chapati. Mwisho kabisa, karibu na bomba la maji, ndipo palipokuwa pa Sephora, na sombe yake ya majani ya muhogo, chikwanga yake, ile mikate ya muhogo iliyofungwa kwa majani, na samaki wake wa chumvi. Wateja wengi hawakujua jina lake. Walimwita Congo. "Congo, leta sombe," wakasema, naye akaleta, wala hakuchukia.

Alitoka Bunia. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, mama akafuata, akalelewa na bibi mzaa mama. Walipomzika bibi, Sephora aliona hana tena mtu wa kumzuia wala wa kumsubiri, akavuka mpaka wa Vurra na masufuria yake kwenye lori la mbao. Bibi alizoea kusema alizaliwa upande huu, miongoni mwa Walugbara, lakini Walugbara ni wengi na bibi hakutaja kijiji wala jina la baba yake. Ukimuuliza sana alikuwa anaamka na kwenda kufagia uani.

Na Acidri? Mapenzi yao yalianza kwa moto. Asubuhi moja ya mvua makaa ya Sephora yalilowa yote, akawa amechuchumaa mbele ya jiko anapuliza hadi macho yamekuwa mekundu. Acidri alikuja na makaa yanayowaka kwenye koleo, akayaweka jikoni kwake bila kusema neno, akarudi kwenye nyama yake. Mchana Sephora akampelekea sahani ya sombe. Jioni sahani ikarudi na mbavu za mbuzi juu yake. Hivyo hivyo, sahani ikienda na kurudi, miezi ikapita, mpaka Mama Bushira, ambaye sahani ilikuwa inapita mbele ya pua yake kila siku, akawauliza kama wanangoja sahani ile izae ndipo waseme. Walisema. Na walipokwisha kusema, hakuna aliyeshangaa katika ukumbi mzima, isipokuwa wao wenyewe kwa jinsi walivyopendana.

Shida ilikuwa Koboko. Mama Margarita, mama yake Acidri, alikuwa mjane, mwanamke wa kanisa, mwenye mtoto mmoja tu. Alipoambiwa habari za Sephora alikataa. Hakutukana, alikataa kwa upole, na upole ule ndio uliouma zaidi. Alituma kusema kwamba msichana huyo ni mutu ya Congo, hatujui baba yake, hatujui watu wake, na msichana asiye na watu, siku mtakapogombana utamrudisha kwa nani? Acidri alikwenda, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Mara ya mwisho alirudi anacheka. Mama amekubali kuja kumwona. Kumwona tu, alisema, lakini Sephora alishaanza kuhesabu vitenge.

"Usipike sombe," Acidri alimwambia. "Sombe atasema chakula ya Congo."

"Basi nipike nini?"

"Pika chakula ya moyo wako."

Sephora alifikiri usiku kucha, akapata jibu. Angepika chungu cha bibi. Kilikuwa chakula ambacho hajawahi kukiuza, wala kumpikia mtu yeyote, wala hata Acidri. Ni samaki mkavu wa angara aliyepikwa kwa simsim iliyosagwa, kitu ambacho kila nyumba ya Arua inakijua, lakini bibi alikuwa anatia ndani majani machanga ya ukwaju, yaliyopondwa na kukamuliwa, uchachu wake ukaingia ndani ya utamu wa simsim mpaka mla akafumba macho. Bibi alipika hivyo mara chache, akiwa na mgeni mkubwa au akiwa na huzuni.

Mama Margarita alifika mchana, ukumbi umejaa. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa kitenge cha akina mama wa kanisa, na mkoba wake ameushika kwa mikono miwili. Wapishi wote walijifanya wana kazi huku macho yako kwake. Acidri alimwongoza hadi meza iliyo karibu na bomba, iliyofunikwa kitambaa cheupe alichokiazima Mama Bushira kwa dada yake. Sephora alipiga magoti kidogo, akamsalimu kwa mikono miwili, akamnawisha maji. Mama alijibu salamu vizuri. Aliuliza kama kazi ni nzuri, kama afya ni nzuri, akaangalia sufuria zilivyosuguliwa, akaangalia kucha za Sephora. Kisha akasali kwa kifupi, akamega ugali, akachovya.

Tonge la kwanza lilipoingia mdomoni, Mama Margarita aliacha kutafuna.

Acidri hakuona. Alikuwa amechovya lake, na uso wake ukafunguka kama wa mtoto. Alicheka, akapiga meza kwa kiganja.

"Mama, hii si kama ya kwetu? Si kama ile unapikia Babu? Nilikwambia. Mungu amenipikia mke nyumbani kabisa."

Sephora aliinamisha kichwa ili tabasamu lake lisionekane. Alisikia mama akiuliza, kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, hii majani ya ukwaju, nani alikufundisha kuweka?"

"Njo bibi yangu, mama. Mwenye alinilea."

"Bibi ya upande gani?"

"Mzaa mama."

"Jina yake?"

"Bernadeta."

"Hiyo ya kanisa. Ya nyumbani?"

Sephora alisita kidogo, kwa sababu jina lile la nyumbani lilikuwa halitajwi. Bibi mwenyewe alikuwa amemwambia mara moja tu, wakati wa ugonjwa wake.

"Candiru," alisema.

Mkono wa Acidri ulisimama juu ya sahani. Mama Margarita hakumwangalia mwanawe. Alivuta bakuli la maji, akanawa taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetaka kazi ile isiishe.

"Mikono yake," alisema. "Ilikuwa na alama?"

Sephora alifurahi kuulizwa. Alidhani mama anataka kumjua, na nani aliwahi kutaka kumjua bibi yake? Alieleza kwamba kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda, hakikunjiki wala hakinyooki. Kaka yake alimkata kwa panga walipokuwa watoto, wakigombania muwa. Kila alipoosha vyombo bibi alikuwa anakishika kile kidole, anacheka peke yake, halafu ananyamaza siku nzima.

"Na huyo kaka alikuwa anamuita nani?"

"Onzi, mama. Alikuwa anasema Onzi tu."

Mama Margarita alisimama. Alizunguka meza, akamshika Sephora uso kwa mikono yake iliyolowa, akamwangalia macho, akamwangalia paji la uso, akamwangalia kidevu. Machozi yalimtoka, akamkumbatia mbele ya ukumbi wote. Huko kwenye kikaango chake Mama Bushira alipiga kigelegele kimoja kirefu, na wauza chapati wakapiga makofi. Na Sephora, akiwa amebanwa kwenye kifua kile kilichonuka sabuni na safari, alifumba macho. Alidhani amekubaliwa.

Alipofumbua alimwona Acidri. Acidri hakuwa anacheka. Uso wake ulikuwa umepauka kama majivu.

"Keti, Acidri," mama alisema, ingawa alikuwa ameketi. "Na wewe, mwanangu, keti hapa karibu na mimi."

Akawaambia. Mzee Onzima, babu yake Acidri, yule fundi seremala ambaye Koboko nzima inamwita Mzee tu, alikuwa na dada mmoja, wa baba mmoja na mama mmoja, watoto wa nyumba ya Obeti. Dada huyo alipendana na dereva wa lori kutoka Congo. Baba yao alikataa. Msichana akaondoka na lori asubuhi moja, na baba, kwa hasira, akasimama mlangoni akasema maneno ambayo mzazi hapaswi kusema juu ya mtoto. Candiru hakurudi. Watu walimtafuta Aru, wakamtafuta Mahagi, wakachoka. Yale majani ya ukwaju yalikuwa ya mama yao, mke wa Obeti. Margarita mwenyewe alifundishwa alipoolewa katika nyumba ile, na kila akiyapika Mzee huomba sahani, asiile, hukaa nayo tu, kisha huanza hadithi ya muwa na panga.

"Bibi yake na babu yako walinyonya ziwa moja," alimwambia Acidri. Halafu akamgeukia Sephora, na ilikuwa wazi kwamba neno lililofuata lilimkata yeye kwanza. "Wewe si mutu ya Congo, mwanangu. Wewe ni mutoto yetu. Nisamehe. Wewe ni damu yetu."

Katika ukoo wa watu hawa hakuna aliyehitaji kueleza zaidi. Damu ya nyumba moja haioani. Mtoto mdogo anayeanza kutembea analijua hilo kabla hajajua jina la mto. Sephora alimwangalia Acidri, Acidri akamwangalia, na kila mmoja akatafuta usoni kwa mwenzake kile ambacho mama alikuwa amekiona. Walikipata. Ule mkunjo kati ya nyusi za Acidri, ambao Sephora alikuwa akiupitishia kidole chake mara nyingi akimwambia asikasirike, ulikuwa pia wa bibi yake.

Mteja mmoja alikuja akasimama kwenye kibanda, akaomba chikwanga na samaki. Sephora aliinuka, akamfungia. Akaja mwingine, akamhudumia naye. Mikono yake ilifanya kazi yote vizuri. Mama Bushira, aliyekwisha kuona kwamba kigelegele chake kimekwenda pabaya, alikuja akamnyang'anya kijiko, akasema atauza yeye.

* * *

Baada ya siku ile sahani haikupita tena mbele ya Mama Bushira. Habari zilikwisha kuenea ukumbini, kwa kuwa hakuna siri mahali watu wanapopikia pamoja, na watu waliwaonea huruma kwa namna ambayo ilikuwa mzigo. Waacholi walimpelekea Sephora malakwang. Bwana wa Mbarara, ambaye hakuwahi kumsalimu vizuri, alimletea ndizi. Wengine walimwambia ashukuru Mungu, maana yote yamejulikana kabla ya ndoa na kabla ya mtoto. Alishukuru kwa mdomo. Akirudi chumbani alikaa kitandani na kitenge cha manjano mapajani, akashindwa kukikunja.

Acidri alichoma nyama yake akiwa amempa mgongo. Asubuhi moja, kabla ukumbi haujafunguliwa, alikuja kwenye bomba kama anayetafuta maji. Hakuwa na ndoo.

"Twende," alisema.

Sephora alikuwa anachambua majani ya sombe. Hakuinua kichwa. "Wapi?"

"Kisangani. Kinshasa. Popote. Huko nani atauliza bibi yako alikuwa nani? Mimi najua kuchoma nyama, wewe unajua kupika. Watu wanakula kila mahali."

"Acidri."

"Nisikilize. Mimi sikulelewa na wewe. Hatukucheza kwa uwanja moja. Nilikuona mutu mkubwa, na mvua inanyesha, na macho yako yamejaa moshi. Sasa waniambie ni dada yangu? Dada kutoka wapi?"

Alikaa chini kwenye gunia la makaa, mwanamume yule mpana, akaweka viganja juu ya magoti. Sephora alitamani kwenda kumshika kichwa. Alishika majani.

Ukweli ni kwamba alikuwa ameshafikiria yote yale. Alikuwa ameshakwenda Kisangani mara nyingi kitandani mwake, akapanga chumba, akapanga jiko, akazaa hata watoto. Kila mara alipofika hapo alimwona bibi.

"Unajua bibi yangu alikufa namna gani?" alimuuliza.

Acidri alitikisa kichwa.

"Babu yangu alimupenda. Usifikiri hakumupenda. Alimujengea nyumba ya matofali, hakumuolea mke mwingine, hakumupiga hata siku moja. Na batoto babili ba kwanza bakakufa, bibi akasema ni maneno ya baba yake. Alisema hivyo mpaka mwisho. Siku za mwisho alikuwa anasema fungua mulango, Onzi anakuja. Mi nilikuwa nafungua, Acidri. Kila siku nafungua mulango, hakuna mutu, nafunga." Alichana jani moja la sombe. "Alikuwa na mume mwenye alimupenda. Haikutosha."

"Sisi hatutakuwa kama wao."

"Mama yako iko na mutoto moja. Siku atalala kitandani ataita nani? Na wewe utasikia uko Kisangani? Siku moja utaniangalia, utaona nilikuondoa kwake. Hutasema, uko mutu muzuri. Lakini mi nitaona."

Nje watu walikuwa wanateremsha mizigo ya muhogo kutoka Inde, wakiitana kwa Kilugbara. Mwishowe Acidri aliuliza, bila kumwangalia:

"Na wewe, Sephora? Wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nakutaka wewe," alisema.

Hakuwahi kulisema hivyo, wazi, katika siku zote za sahani. Acidri alifunika uso. Mabega yake yalitikisika, na Sephora alimwacha alie kwa sababu akimsogelea tu, wangekwenda Kisangani siku ile ile.

Alipokwisha, alijipangusa kwa aproni yake nyeusi ya masizi, akasema kile kilichomleta kweli. Mzee ameambiwa. Mama amemwambia kwamba mjukuu wa Candiru yuko hai, yuko Arua. Hakumwambia zaidi, kwa kuwa moyo wa Mzee ni dhaifu na mama aliogopa furaha na fedheha viingie pamoja. Tangu hapo Mzee hataki kula. Anataka kumwona. Mama ameomba Acidri amlete Jumapili, lakini kama Sephora hataki, hakuna atakayemlaumu.

"Wewe utaweza kunipeleka?" Sephora aliuliza.

"Siwezi," Acidri alisema. "Lakini nitakupeleka."

* * *

Walikwenda na pikapu ya rafiki yake, watatu kiti cha mbele. Mama Bushira alijialika mwenyewe. Alisema binti haendi kwa watu wake mikono mitupu na bila mtu wa upande wake, na kwa kuwa upande wa Sephora hauna mtu, upande huo ni yeye. Alikaa katikati, na kapu la gurusa mapajani, akazungumza tangu Arua hadi Maracha juu ya kila kitu ulimwenguni isipokuwa kilichokuwa garini. Baada ya Maracha maneno yalimwisha hata yeye. Akamshika Sephora mkono wake wa kulia, kisha, baada ya kufikiri, akampiga Acidri begani taratibu kwa mkono wa pili, na hivyo ndivyo walivyoingia Koboko.

Wanawake walikuwa wamejaa uani. Sephora aliposhuka tu, vigelegele vilipanda. Shangazi ambao hakuwajua walimkimbilia, wakamshika, wakamnyunyizia maji kichwani, wakamwita mtoto wa Candiru, mtoto wetu aliyepotea. Mmoja alilia huku anacheza. Mwingine alimshika mashavu na kuwaita wenzake waje waone nyusi zile. Maisha yake yote Sephora alikuwa ametamani kitu kama hiki, kufika mahali watu wakafurahi kwa sababu amefika. Kwa miezi alikuwa ameiota siku ya kuingia ua huu huu na vigelegele hivi hivi. Alitabasamu kwa kila mtu. Nyuma ya vichwa vyao alimwona Acidri amesimama na ufunguo wa gari mkononi, hajui akae wapi.

Mzee Onzima alikuwa ndani, ameegemezwa kwenye mto, blanketi limefika kifuani. Alikuwa mtu mdogo kuliko alivyomfikiria. Mama Margarita alimweka Sephora kwenye kigoda karibu na kitanda. Mzee alinyoosha mkono, akampapasa uso kama fundi anavyopapasa mbao kutafuta mafundo.

"Candiru," alisema.

"Mjukuu wake, Babu. Naitwa Sephora."

"Sephora." Alilionja jina. Kila mtu alingoja aulize habari za safari ile, za lori, za laana, za kifo. Mzee aliuliza jambo moja.

"Huko alikuwa anashiba?"

Sephora hakutarajia. Alivuta pumzi. "Alikuwa anashiba, Babu. Alikuwa mpishi. Na sisi wote tulishiba kwake."

Mzee alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, machozi yakishuka masikioni kwa jinsi alivyolala. Akasema vizuri. Akasema sasa naye atakula. Mama Margarita akatoka mbio kuleta chakula, wanawake wakacheka kwa furaha mlangoni, na katika kicheko kile Mzee aligeuza macho akamwona mjukuu wake amesimama karibu na ukuta.

"Na Acidri ndiye amekuleta," alisema. "Vizuri. Nyinyi mlijuana namna gani, kabla ya hii?"

Mama Margarita alikuwa amerudi na sinia, akasimama nayo kizingitini. Mama Bushira, ambaye hakuwahi kukosa neno, aliangalia sakafu. Acidri alifungua mdomo. Sephora aliona neno linamjia, na alijua kwamba likitoka litakuwa la kweli, na la kweli lingemvunja mzee yule kitandani na mama yule mlangoni. Alijua pia kwamba Acidri hangeweza kulisema lile lingine. Mmoja wao alipaswa kulisema kwanza.

"Tunafanya kazi pahali pamoja, Babu," alisema. Kisha, kwa sauti ambayo haikutetemeka hata yeye mwenyewe akaistaajabia: "Ni kaka yangu."

Mama Margarita alilia kimya kimya, sinia mikononi. Mzee alidhani ni furaha. Alifurahi naye. Alisema hilo ndilo alilotaka kulisikia kabla hajafa, watoto wa Candiru na watoto wake chini ya paa moja, na akaamuru, kama mwenye nyumba, kwamba watoto hawa wasitengewe. Wapewe sahani moja wale mbele yake, kama yeye na dada yake walivyokuwa wakila.

Waliwekewa mkeka sakafuni, kando ya kitanda. Ugali wa muhogo, kunde, na kipande cha kuku juu. Waliketi wakitazamana, magoti karibu yagusane, na Sephora akayavuta ya kwake. Wote waliokuwa chumbani walikuwa wanawangoja waanze. Acidri alinawa. Alikata tonge la kwanza, akalikanda kwa vidole vile alivyovijua Sephora kuliko vya mtu mwingine yeyote duniani, akachukua kile kipande cha kuku, akakiweka kwenye sahani upande wa Sephora, jinsi kaka anavyomwekea mdogo wake.

"Kula, dada," alisema.

Sephora akala.